Handikapu kwenye resi za boti za tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa misimu kadhaa kazi yangu ya Jumamosi imekuwa kukaa kwenye meza ya kamati ya klabu moja ya mwambao, saa mkononi na daftari magotini, nikiandika nani amekata mstari na saa ngapi. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa yote. Mengine niliulizwa kwa upole, mengine muulizaji akiwa bado anatiririka maji ya chumvi.

Nimefika wa kwanza. Kwa nini kikombe kapewa aliyeingia wa mwisho?

Kaka mmoja wa 29er, boti ndogo ya kasi, alinifuata mezani na swali hilihili. "Nimefika, nimevuta boti mchangani, nimeoga, nimekunywa chai na sambusa mbili, ndiyo kwanza yule mtoto anakata mstari. Halafu unaniambia kanishinda?"

Nikamwambia, "Ndiyo, kaka. Kakushinda kwa sekunde 37."

Mtoto mwenyewe alikuwa kwenye Optimist, kile kiboksi cha mita mbili na ushee wanachojifunzia watoto. Huwezi kukitegemea kiende sawa na 29er, kama vile huwezi kutegemea baiskeli iende sawa na pikipiki. Kwa hiyo kila boti hupewa namba, ndiyo handikapu yake, inayoeleza kasi yake ya kutarajiwa, na muda ulioutumia majini hurekebishwa kwa namba hiyo. Mshindi ni mwenye muda mdogo baada ya marekebisho. Anayekata mstari kwanza ana heshima yake, lakini ni heshima nyingine.

Resi kubwa za bahari kuu hutoa tuzo zote mbili na hakuna anayegomba. Sydney hadi Hobart, Australia, ni maili 628 za baharini. Mwaka 2023 LawConnect na Andoo Comanche, boti mbili za futi 100, zilifika zikiwa zimeachana kwa sekunde 51 tu, LawConnect mbele, na picha zake zikazunguka dunia nzima. Kombe la Tattersall, ambalo ndilo la mshindi wa handikapu, likaenda kwa Alive, boti ya futi 66 kutoka Tasmania.

Hesabu inafanywaje? Nionyeshe.

Kwa boti ndogo, mfumo unaotumika sana Uingereza, na uliozifikia klabu nyingi zilizoachwa na Waingereza, ni Portsmouth Yardstick. Ulianzia kwenye klabu ya Langstone, jirani na Portsmouth, baada ya Vita Kuu ya Pili, na sasa unasimamiwa na chama cha taifa cha mchezo huo, RYA, kinachotoa orodha ya namba kila mwaka. Namba kubwa maana yake boti ya polepole. Unachukua muda wa boti, unazidisha kwa 1000, unagawanya kwa namba yake.

Turudi kwa kaka wa 29er. Namba nimezikata kidogo ili hesabu iwe nyepesi: 29er 900, Laser (siku hizi huitwa ILCA 7) 1100, Optimist 1640. Siku ile 29er ilitumia dakika 45. Zidisha kwa 1000, gawanya kwa 900, unapata dakika 50 kamili. Laser ya kwanza ilitumia dakika 55, nayo ukiigawanya inatoka 50. Optimist ingetumia dakika 82, wote watatu wangekuwa sare. Lakini mtoto alitumia 81, na 81 mara 1000 gawanya kwa 1640 ni dakika 49 na sekunde 23.

Dakika moja tu. Aliipata wapi? Niliona kwa macho. Kwenye boya la mwisho alikaa karibu na mwamba ambako mkondo ulikuwa dhaifu, wakati wenzake wakubwa walikwenda kubisha, yaani kupinda huku na huku dhidi ya upepo, katikati ya hori (mkono wa bahari), maji yakiwasukuma nyuma.

Namba zenyewe zinatoka wapi?

Hapa ndipo ugomvi wa haki unapoanzia, kwa sababu kuna njia tatu na kila moja ina imani yake.

Njia ya kwanza ni kuangalia matokeo. Portsmouth inakwenda hivyo. Klabu hutuma matokeo ya resi zao, yakakusanywa, na ikionekana aina fulani ya boti inashinda mno mwaka baada ya mwaka, namba yake inashushwa. Hakuna anayepima kitu kwa futi. Udhaifu wake ni kwamba matokeo hayasemi ni boti iliyoshinda au ni watu. Aina ya boti inayopendwa na mabingwa itaonekana ina kasi kuliko ilivyo, na aina inayopendwa na wazee wanaotaka kupunga upepo itaonekana nzito. Ukinunua ile ya mabingwa na wewe si bingwa, umeumia. Ukinunua ile ya wazee na wewe ni hodari, umepata mteremko.

Njia ya pili ni kamati. Marekani na Kanada boti kubwa nyingi hutumia PHRF, mfumo uliozaliwa pwani ya California. Kila eneo lina kamati yake, watu wanaozijua boti, wanaokaa na kukubaliana kwamba boti hii ipewe sekunde kadhaa kwa kila maili. J/24, boti maarufu ya futi 24, huwa karibu na 170, na kamati husogeza namba kwa hatua za sekunde tatu tatu. Kamati inajua mambo ambayo karatasi haiyajui, kwa mfano kwamba ghuba yao haina upepo mchana. Lakini kamati ni binadamu. Mjumbe naye ana boti, jirani yake naye ana boti, na Jumapili wanakutana.

Njia ya tatu ni kupima boti yenyewe: urefu, uzito, kina cha mkuku (uti wa chini wa boti), eneo la matanga, halafu kuiachia hesabu itoe namba. Mifumo ya IRC na ORC ipo upande huu. ORC huenda mbali zaidi. Umbo la chini hupimwa, boti hulazwa upande kidogo kuona inavyojirudisha, kisha programu ya kompyuta hukadiria mwendo wake katika upepo mwepesi hadi mkali, kwa kila pembe. Mizizi ya programu hiyo ni utafiti wa miaka ya 1970 uliofanywa chuo kikuu cha MIT, Marekani. Kwa njia hii boti haihitaji hata kuwahi kushindana ili ipate namba. Inatosha kupimwa.

Nimesikia kanuni ya IRC ni siri. Haki gani hiyo ya siri?

Ni kweli. IRC inaendeshwa na Royal Ocean Racing Club ya Uingereza pamoja na wenzao wa Ufaransa, na kanuni ya ndani haichapishwi. Unapeleka vipimo, unarudishiwa cheti chenye namba moja yenye desimali tatu. Muda wako unazidishwa kwa namba hiyo. Boti ya 1.100 ikitumia saa 10, inahesabiwa saa 11. Boti ya 0.900 ikitumia saa 12, inahesabiwa saa 10 na dakika 48, na imeshinda.

Mara ya kwanza kulisikia jambo hili nililiona la ajabu. Mtu akikutoza kodi asikuonyeshe hesabu utamwitaje? Lakini ukiisoma historia ya mchezo huu, ambayo nitaigusa mbele, unaelewa walichokuwa wanakikimbia. Kila kanuni iliyowekwa wazi, wabunifu waliigeuza chemshabongo. Walitafuta pale kipimo kinapokosea, wakajenga boti kulifuata kosa. Ukificha kanuni, mbunifu analazimika kujenga boti nzuri tu na kuomba dua. Si kinga kamili, maana mtu anaweza kuomba cheti cha majaribio akaona namba inavyosogea akibadilisha tanga, lakini inachosha na inagharimu.

ORC wamechagua kinyume. Kanuni yote ipo wazi, na yeyote mwenye subira anaweza kuisoma. Wanategemea kwamba programu yao inafuata fizikia kwa ukaribu kiasi kwamba njia ya kuishinda ni kujenga boti ya kasi kweli.

Mimi, kama mtu anayesimama mezani kuulizwa, napendelea iliyo wazi. Nikiulizwa "kwa nini?" nataka niwe na kitu cha kuonyesha zaidi ya cheti. Lakini nakubali kwamba kwa mwenye klabu ndogo, cheti cha namba moja ni raha. Ukiwa na ORC yenye namba tofauti kwa kila upepo, lazima kwanza mkubaliane upepo wa leo ulikuwa kiasi gani, na hapo umefungua baraza lingine.

Kuna tofauti gani kati ya fidia ya maili na fidia ya muda?

Kubwa, na watu wengi hawaijui mpaka iwaume.

Tuseme boti A ina PHRF 90 na boti B ina 180. Tofauti ni sekunde 90 kwa maili. Resi ya maili 10, B anapunguziwa sekunde 900, yaani dakika 15. Dakika 15 hizo hazibadiliki, iwe resi imechukua saa moja na nusu katika kusi kali au saa tatu katika shwari. Mnajua nyote kwamba katika shwari boti huachana kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo upepo ukilegea, B ameonewa.

Njia nyingine ni kugeuza namba iwe kizidisho. PHRF wana kanuni ya kawaida: 650 gawanya kwa jumla ya 550 na namba ya boti. Ukiifanyia kazi kwa boti zetu mbili, A akimaliza kwa saa moja na nusu, B ana dakika 12 na sekunde 39 za kucheza nazo. A akimaliza kwa saa tatu, B ana dakika 25 na sekunde 19. Fidia inakua pamoja na muda.

Boti ni zilezile, bahari ileile, na matokeo yanaweza kugeuka kwa sababu ya njia ya kukokotoa peke yake. Ndiyo maana njia hiyo lazima iandikwe kwenye tangazo la resi kabla watu hawajapandisha matanga. Kuibadilisha baada ya resi ni kupanga matokeo, hata kama nia ilikuwa njema.

Kwani handikapu haimpimi nahodha, kama kwenye gofu?

Haimpimi. Katika gofu handikapu ni ya mchezaji: ukiwa dhaifu unapewa mapigo zaidi ili usimame sawa na hodari. Katika boti namba ni ya chombo. Inachukulia kwamba boti imesafishwa chini, matanga ni mazima na watu waliomo wanajua kazi. Ukija na chaza wameota kwenye mkuku na tanga la miaka kumi lililolegea kama shuka, namba haikuonei huruma.

Zipo klabu zinazoweka handikapu ya mtu binafsi kwa resi za burudani, kila wiki ikisogezwa kulingana na ulivyomaliza. Ni njia nzuri ya kuwafanya wageni wasikate tamaa. Usiichanganye na ile nyingine, na usimpe mtu ubingwa wa mwaka kwa hiyo. Mtu asiyejifunza chochote atakuwa anashinda kwa zamu.

Upepo ukikata katikati ya resi, namba inafanya nini?

Haifanyi kitu. Namba haijui upepo ulikata.

Jumamosi moja ya tangambili, kati ya kaskazi na kusi, boti kubwa zetu zilitoka na upepo mzuri, zikazunguka boya la nje, zikarudi zikiwa zimebakisha kama mita 300 kufika mstarini. Hapo upepo ukafa. Matanga yakaning'inia. Mmoja wa manahodha akawasha sigara, na moshi ukapanda wima, haukuenda huku wala kule. Wadogo walikuwa nyuma sana, nje ya mwamba. Baada ya nusu saa upepo mpya ukaja kutoka baharini, ukawakuta wao kwanza. Walikuja nao kama waliobebwa kwenye sahani. Kundi zima likafika mstarini karibu wakati mmoja, na ukishafika wakati mmoja na aliyepewa fidia, hesabu imekwisha. Nafasi zote tatu za juu zikachukuliwa na boti ndogo.

Wiki tatu baadaye ikawa kinyume. Ilikuwa bamvua, wakubwa wakaingia horini maji yakiwa bado yanajaa, wadogo wakakuta yameanza kupwa. Wanabisha, wanasogea hatua moja, wanarudishwa mbili. Dakika 20 za fidia zilikwisha wakiwa wanautazama mnazi uleule ufukweni.

Katika resi ndefu jambo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu boti ya futi 100 na ya futi 33 zinaweza kumaliza siku tofauti, katika hali ya hewa tofauti kabisa. Fastnet, resi ya bahari kuu ya Uingereza, mwaka 2013 ushindi wa handikapu ulichukuliwa na Night and Day, boti ya mita 10 iliyoendeshwa na watu wawili tu, Pascal Loison na mwanawe Alexis, mbele ya kundi la boti zaidi ya 300. Walikuwa mahodari, hilo halina ubishi. Lakini hata mabaharia hodari wanahitaji hali ya hewa isiyowapa wakubwa kila kitu.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu haki ni hili: usiupime mfumo kwa alasiri moja. Upime kwa msimu mzima, kusi na kaskazi zote, kisha uone kama washindi ni wale ambao kila mtu pale klabuni anajua wanaendesha vizuri. Ikiwa ndivyo, namba zenu zinafaa. Ikiwa ni boti ileile inashinda hata akikaa mpwa wa mwenye boti usukanini, kuna namba mbovu.

Je, watu huichezea mifumo hii?

Tangu zamani, na si kwa wizi. Wanajenga boti kuifuata kanuni.

Mwaka 1851 schooner (boti ya milingoti miwili) ya Kimarekani, America, ilizunguka kisiwa cha Isle of Wight, Uingereza, na kuzishinda boti za Waingereza. Resi ile haikuwa na fidia ya muda. Aliyefuata, Aurora, alikuwa na tani 47 tu dhidi ya 170 za America, na hata hivyo hakuachwa sana.

Fidia zilipoenea, Waingereza walipima boti kwa tani, na tani zenyewe zilikokotolewa kutokana na urefu na upana. Kina hakikupimwa. Kilichukuliwa kuwa nusu ya upana. Mbunifu akipunguza upana anaokoa mara mbili, na akiongeza kina hatozwi kitu. Matanga nayo hayakupimwa. Unadhani walijenga nini? Boti nyembamba kama ubao uliosimamishwa kwa ubavu, zenye farumi ya risasi tele chini na matanga makubwa juu. Zilikwenda kasi, zikilala ubavu na kulowesha kila aliyekuwemo. Mwaka 1886 kanuni ikabadilishwa, matanga yakaanza kuhesabiwa, na mara moja boti zikaanza kupanuka tena. Bahari haikuwa imebadilika hata kidogo.

Hadithi ikajirudia karne iliyofuata. Karibu na 1970 Waingereza na Wamarekani waliunganisha kanuni zao kuwa moja, IOR. Boti ilipimwa kwenye vituo fulani vya mwili wake, basi wabunifu wakavimbisha mwili pale panapopimwa na kuubana pasipopimwa. Boti zikatoka na nundu ubavuni na tezi, yaani sehemu za nyuma, zilizochongoka kama za mtumbwi. Kanuni pia iliwafaidisha wenye uthabiti mdogo.

Agosti 1979 dhoruba iliikuta Fastnet baharini. Boti 303 zilikuwa zimeanza, zilizomaliza hazikufika 90, na wanamashindano 15 wakafa. Kilichoua ni dhoruba, si karatasi ya vipimo, na si haki kusema vingine. Lakini uchunguzi uliofuata uliuliza kwa uwazi kuhusu boti pana na nyepesi ambazo zikipinduka hazina haraka ya kurudi. Katika daraja la boti ndogo kabisa ilimaliza moja tu: Assent, ya aina ya Contessa 32, yenye umbo la kizamani, nyembamba na nzito. Tangu nilipoisoma habari hiyo sijawahi tena kuichukulia handikapu kama suala la vikombe tu. Unachokitoza, watu watakipunguza. Ukitoza uthabiti, wataupunguza uthabiti.

Na wale wanaokwenda polepole makusudi ili wapewe namba nzuri?

Wapo. Katika mifumo ya matokeo na ya kamati, mtu anaweza kulegeza tanga msimu mzima ili siku ya kombe kubwa aje na namba ya huruma. Kwa boti ya aina inayojulikana haimsaidii sana, kwa sababu namba inatokana na mamia ya boti nyingine za aina hiyo. Kwa boti ya pekee, hatari ni ya kweli. Kamati yenye akili inaangalia resi zake bora, na kuzipuuza zile alizokuwa akisinzia.

Kwa nini wote wasitumie boti za aina moja, tukamaliza ubishi?

Ndiyo suluhisho safi, na Olimpiki wamelichagua: Laser ipo huko tangu 1996, kila mtu na boti sawa, wa kwanza ndiye wa kwanza. Lakini klabu yenye boti kumi na mbili za aina saba haiwezi kumwambia mzee aliyeirithi Wayfarer ya babake akaiuze. Na mkizigawa kwa aina, kila mtu atashindana na nafsi yake.

Ngalawa na mashua zetu nazo zipewe namba?

Nimeulizwa na mabaharia wa kweli, si wa Jumamosi kama mimi, kwa hiyo najibu kwa adabu: sioni faida.

Kwenye tamasha la Lamu majahazi hushindana bila fidia yoyote. Atakayefika mbele ndiye, na mji mzima ufukweni umeshuhudia. Haki ya aina hiyo inaonekana kwa macho, haihitaji kikokotoo. Tena chombo chetu ni kazi ya mkono. Ngalawa mbili zilizochongwa na fundi mmoja, kutoka miembe miwili, hazifanani. Moja marengu yake yamekaa vizuri, nyingine inavuta upande. Namba ya aina haipo kwa sababu aina yenyewe haipo. Na kuipima kila moja kungekula pesa kuliko zawadi.

Kinachofaa ni kuzigawa kwa urefu, kama mafundi wanavyozigawa wenyewe, au kuanza kwa zamu. Kuanza kwa zamu ni handikapu iliyogeuzwa. Kwa boti zetu tatu za juu, Optimist angetoka saa 8:00 kamili, Laser dakika 27 baadaye, 29er dakika 37 baada ya Optimist. Atakayekata mstari kwanza kashinda, basi. Mtazamaji haelezwi kitu. Tatizo ni moja: wote wanafika pamoja kwenye mstari mmoja, na hapo muwe na boti ya uokozi na mtu mwenye sauti.

Namba ya boti yangu inanionea. Nifanye nini?

Usije na resi ya jana. Njoo na kumi. Andika upepo ulikuwaje, ulianza vipi, ulimaliza nyuma ya nani na kwa muda gani. Mweke rafiki hodari kwenye boti yako resi mbili na wewe ukaendeshe yake. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na ndicho watu hukikataa. Mmoja aliyekubali alirudi kimya, akaninunulia soda, na hatukulizungumza tena suala la namba.

Kama baada ya hapo ushahidi bado upo, mfumo wa Portsmouth unaruhusu klabu kuirekebisha namba kwa mazingira yake. RYA wenyewe huhimiza hivyo. Kwa IRC au ORC omba boti ipimwe upya. Mara nyingi kosa ni uzito: boti ilipimwa ikiwa tupu, na wewe umeipakia friji.

Muda uliorekebishwa ukilingana hadi sekunde, nani anashinda?

Hakuna kurudi kuangalia nani alikata mstari mbele. Kanuni za kimataifa za mchezo zinasema pointi za nafasi hizo zijumlishwe na kugawanywa sawa: waliolingana kileleni huchukua ya kwanza na ya pili, moja na mbili ni tatu, kila mmoja moja na nusu. Zawadi nayo ni ya wote wawili. Kwetu ilitokea mara moja, kati ya bibi mmoja wa Laser na ndugu wawili wa boti kubwa zaidi, na kombe lilikuwa moja. Likakaa kwa bibi mpaka Idi ndogo, kisha likahamia kwa akina kaka, ambao mpaka naandika hawajalirudisha.